SOMO LA MANENO: "MENACE"

Ndugu wafanyakazi, leo tutazame neno la Kiingereza "menace", linalotamkwa "menis". Tumelichagua kwa sababu barua nyingi za kazini huandikwa kwa Kiingereza, na asiyeelewa hutia saini kwa hofu.

Maana: Ni tisho, au mtu, mnyama au kitu chenye kuleta hatari. Mbwa mkali anayezurura mtaani aweza kuitwa hivyo. Pia ni kitendo, yaani kutishia.

Asili: Waingereza walilipata kwa Wafaransa kiasi cha mwaka 1300, na Wafaransa walilirithi kutoka Kilatini. Kwa Warumi, "minae" ni vitisho, na pia ncha za ukuta zilizochomoza juu. Basi picha yake ni ukuta ulioinama juu ya kichwa cha mtu. Haujaanguka, lakini aliye chini yake hapati usingizi.

Katika sheria: Sheria za jinai za Kenya, Uganda na Tanzania, zilizoanzia kwa Waingereza, zinalo neno hili. Kudai mali ya mtu kwa vitisho, kwa nia ya kumwibia, ni kosa. Mwaka 1937 jaji wa Uingereza, Lord Wright, alieleza kwamba tisho si la kupigwa tu. Hata tishio la tendo jingine la kumdhuru mtu limo.

Kazini: Onyo si tisho. Onyo hutaja kosa na kanuni iliyovunjwa, nawe hupewa nafasi ya kujibu. Tisho huficha. Katika tawi moja wenzetu waliambiwa kwa mdomo: "Asiyejitoa chamani ataona." Ataona nini? Hawakuelezwa. Wengi wakajitoa. Katibu wa tawi alipoomba maneno hayo yaandikwe, msimamizi alikataa. Hapo baadhi wakarudi. Wengine hawajarudi hadi leo.

Tukumbuke kwamba Mkataba Na. 98 wa ILO, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi alindwe asifukuzwe kwa kuwa mwanachama. Nasi viongozi tusiwatishe wenzetu ili wajiunge. Mwanachama wa hofu hukimbia siku ya kwanza ya shida.

Maswali ya kujadili tawini:
1. Barua ya mwisho mliyopokea ilikuwa onyo au tisho? Mmejuaje?
2. Mtu akitishwa kwa mdomo, nani aandike maneno hayo, tarehe na majina ya mashahidi?