Harufu ya Paka Kochini Isiwagombanishe

Wapendwa wanandoa, mwezi huu tuzungumzie jambo ambalo wengi huona haya kulitaja: mkojo wa paka katika mto wa kochi. Msicheke. Ni jambo dogo linaloweza kuzaa ugomvi mkubwa katika nyumba zetu za hapa Litein.

Tuchukue mfano. Mume anarudi jioni kutoka kupeleka majani chai, mvua imemnyeshea. Anafungua mlango, na kabla hata ya salamu anasema, "Mama, nyumba hii inanuka." Mke ameshinda humo, amepiga deki, amefua vitambaa vyote vya makochi. Hasikii harufu yoyote. Anaona ametukanwa. Mume naye anaona mke anajitia kutosikia. Siku jumuiya inapokuja kusali hapo, mmoja ana aibu na mwingine ana hasira.

Lakini hapo hakuna mwongo. Pua ya binadamu huzoea harufu inayokaa nayo. Baada ya muda mfupi ubongo huacha kuitilia maanani. Anayeshinda ndani haisikii kweli, na anayetoka nje huisikia mara moja. Kwa hiyo, baba, salimu kwanza, keti, ndipo useme. Na wewe mama, usikatae kabla ya kupima. Toka nje nusu saa, kisha urudi uinuse mito mmoja baada ya mwingine.

Mbona hurudi hata baada ya kuosha? Mkojo wa paka una asidi ya yuriki, ambayo hukauka ikawa chembe ndogo sana ndani ya sponji. Chembe hizo haziyeyuki kwa urahisi katika maji. Mto ukikauka, harufu hulala. Hewa ikipata unyevu, huamka. Nasi huku mvua hunyesha karibu kila alasiri! Aliyefua kitambaa cha juu tu hajagusa shina la tatizo.

Fanyeni kazi hii wawili, asubuhi, jua likiwapo. Vueni kitambaa. Kama mkojo ni mbichi, ukandamizeni kwa matambara makavu mpaka yasilowe tena. Msisugue, maana kusugua huusukuma chini. Mimina maji baridi, kandamiza tena. Kisha changanya siki na maji nusu kwa nusu, umimine kiasi cha kufika pale mkojo ulipofika. Hapa ndipo wengi hukosea kwa ubahili: mkojo umezama hadi katikati ya sponji, wao wananyunyizia juu. Acha dakika kumi na tano, kandamiza, suuza. Mto ukibaki na unyevu kidogo, nyunyiza soda ya kuokea, ilale hapo usiku kucha, kesho ikung'utwe. Usichanganye siki na soda katika beseni moja; huuana nguvu, ukabaki na povu tu.

Kwa doa la zamani, sabuni yenye vimeng'enya ndiyo bora. Hivyo ni viini vinavyovunjavunja uchafu kama tumbo linavyosaga chakula. Soma maelezo ya pakiti, na usitumie maji yanayochemka, kwani yataviharibu.

Sasa onyo. Msimwagie mkojo Jik wala dawa yoyote ya klorini. Ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa yenye sumu inayochoma macho na mapafu. Wala msikaushe sponji juu ya meko jikoni. Sponji hushika moto upesi, na moshi wake ni hatari. Ianikeni wima mahali penye upepo, hata siku tatu. Ukivalisha kitambaa kabla ndani hakujakauka, utaongeza ukungu juu ya mkojo.

Mama akiwa mjamzito, kuzoa kinyesi cha paka iwe kazi ya baba. Kinaweza kuwa na vijidudu vya toksoplasma, vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni. Baba, usingoje kuombwa.

Na paka mwenyewe? Wengine husema afukuzwe, lakini panya wakimaliza mahindi darini ugomvi utakuwa mwingine. Kumpiga hakusaidii, ataogopa na kukojoa mafichoni. Akifungiwa ndani usiku kwa sababu ya mvua, mwekeeni karai la mchanga au la vumbi la mbao, mbali na chakula chake, na lisafishwe kila siku. Dume anayerushia mkojo ukutani na kochini mara nyingi huacha akihasiwa. Lakini paka aliyekuwa msafi akaanza ghafla huenda ni mgonjwa. Dume akijikamua na mkojo hautoki, mpelekeni kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, akicheleweshwa atakufa.

Kuna wanaosubiri bonasi ya chai wanunue sponji mpya. Hakuna ubaya, ila kama karai la mchanga bado halipo, mtanunua nyingine mwaka ujao.

Jioni hii, watoto wakishalala, jadilianeni: Mara ya mwisho mmoja wetu aliposema nyumba inanuka, alisema vipi, na mwenzake alijibu nini? Ni nani aliyeleta paka, na ni nani anayemsafishia? Jumamosi hii, nani atabeba mito nje?