Kulinda Nyaya za Umeme Bandani na Ghalani

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi yake katika Tanzania mwaka 2007, nguzo za umeme zimefika katika vijiji vingi. Wakulima wengi sasa wana taa bandani, na wengine wana mashine ya kukata majani au pampu ya maji. Jambo hili ni jema. Lakini yafaa mkulima ajue ya kuwa waya udumuo miaka mingi katika nyumba ya kulala waweza kuharibika upesi bandani, kwa sababu banda lina maadui ambao nyumba haina.

Kazi ya ngozi ya waya

Ndani ya waya mna shaba, na juu yake pana ngozi ya plastiki. Shaba yachukua umeme, na ngozi yauzuia usitoke. Ngozi ikitoboka, umeme hutafuta njia ya kushuka ardhini, nao hupita katika ukuta uliolowa, bati, ndoo, mnyama au mtu. Umeme utumikao majumbani ni wa volti 230, nao watosha kuua.

Ng'ombe yumo hatarini kuliko mtu. Husimama penye maji maji bila viatu, na miguu yake ya mbele iko mbali na ya nyuma, hata umeme uliovuja ardhini waweza kupanda kwa mguu mmoja na kushuka kwa mwingine. Hata volti chache ambazo mtu hazisikii humtia ng'ombe hofu. Basi ng'ombe akikataa ghafula kunywa katika birika la chuma, au akirukaruka anapokamuliwa, usimpige. Huenda ni mgonjwa, na huenda umeme umemgusa. Zima umeme kwenye swichi kuu, kisha mwite fundi. Usijaribu kupima kwa mkono.

Panya

Meno ya mbele ya panya hukua maisha yake yote, kwa hiyo hana budi kuguguna, na waya ni kitu kimoja agugunacho. Panya wadogo hupita katika tundu ambalo kidole cha mwisho cha mtu hakiingii. Yakupasa kufanya haya:

1. Ziba matundu ya ukuta kwa saruji iliyotiwa wavu wa chuma.
2. Weka magunia juu ya uchaga, mbali na ukuta, ili uweze kupita na kutazama.
3. Usipitishe waya ndani ya dari ya nyasi wala nyuma ya magunia. Upite ukutani, mahali pa wazi.
4. Katika ghala kavu, nyaya zipitishwe ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo liungwe na waya wa kupeleka umeme ardhini.

Mkojo na samadi

Hewa kali ya bandani, ile iwashayo macho, ni amonia itokayo katika mkojo na samadi. Hewa hiyo pamoja na unyevu hula chuma, na hula shaba mahali nyaya ziunganapo. Kwa hiyo bomba la chuma lifaalo ghalani halifai bandani. Huko tumia bomba nene la plastiki, lililobanwa sana na ukuta ili panya asipate pa kukanyaga. Swichi iwe nje, penye paa, na kiungo cha nyaya kisiwe juu ya mahali alalapo mnyama.

Mifugo, jembe na vumbi

Ng'ombe hujikuna, na mbuzi husimama kwa miguu ya nyuma akatafuna akipatacho. Nyaya ziwe juu, wasikofika. Waya ukishuka kwenye swichi, ufunikwe kwa ubao imara.

Waya utokao nyumbani kwenda bandani usifungwe mtini wala katika uzio, kwa maana upepo huutikisa mpaka ngozi ikachubuka. Ukipita chini ya ardhi, uwe wa aina iliyofanywa kuzikwa, nao uzikwe sentimeta 60 au zaidi. Weka alama juu ya njia yake, ili atakayelima mwaka ujao asiukate kwa jembe.

Taa nayo iwe na kifuniko cha kioo, mbali na majani makavu. Vumbi la pumba likikusanyika juu ya balbu yenye joto laweza kuwaka moto.

Swichi ya kukata umeme unaovuja

Iko swichi ijikatayo yenyewe umeme unapovuja. Chagua ile ya miliampea 30. Ina kitufe cha kuijaribu. Kibonyeze mara moja kila mwezi. Umeme usipokatika, swichi hiyo haikulindi tena, basi ibadilishwe. Na fyuzi ikiungua usitie waya mnene badala yake. Ukifanya hivyo umemfukuza mlinzi wako.

Mambo ya kukumbuka

Kila mwezi, wakati wa mchana, tembea ukifuata waya tangu mita hadi taa ya mwisho. Tazama alama za meno, kutu, na ngozi iliyopasuka. Ukiona mnyama ameanguka karibu na waya, usimguse. Zima umeme kwanza, na uwazuie watoto wasikaribie. Waya wa nguzo ukianguka, kaa mbali nao, ukawaarifu TANESCO.

Kazi ya kufunga nyaya umpe fundi mwenye leseni ya EWURA. Kazi ya kuzilinda ni yako mwenyewe. Bei ya bomba na swichi ni ndogo kuliko bei ya ng'ombe mmoja, wala maisha ya mtoto atumwaye bandani alfajiri hayana bei.