Pua Imepasuliwa, Mbona Koo Ndilo Linauma?

Somo letu la leo linahusu jambo ambalo huwashtua watu wengi. Mtu amepasuliwa pua huko Kisii au Kisumu, pengine kuondolewa vinyama au kunyooshwa mfupa uliopinda. Anashuka gari hapa Oyugis, watu wa nyumbani wanangoja habari za pua, lakini yeye anashika koo. Kumeza mate ni taabu, sauti imekwaruza. Majirani nao wanaanza: "Wamemharibia koo!"

Tuelewe kwanza kilichofanyika alipokuwa amelala. Katika oparesheni nyingi za pua mgonjwa hupewa dawa ya usingizi, kisha mpira hupitishwa mdomoni mpaka kwenye njia ya pumzi, ili apumue vizuri na damu isiingie mapafuni. Mpira huo hukwaruza koo. Akishaamka, pua imeziba, basi anapumua kwa mdomo usiku kucha na koo linakauka. Tena ute na damu kidogo huteremka kutoka nyuma ya pua. Kwa kawaida maumivu haya hupungua siku hata siku na kwisha baada ya siku chache, ingawa ukavu waweza kubaki mpaka pua ifunguke.

Hapa tukae kidogo. Mara nyingine kimio, kale kanyama kanakoning'inia nyuma ya mdomo, huvimba kwa sababu ya mpira ule. Na katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki wako wakataji wa kimio, ambao wakisikia "koo linauma" wanatafuta wembe. Tusikubali hata kidogo. Kimio kilichovimba hivyo hurudi chenyewe. Kukikata huleta damu nyingi, pepopunda, na virusi vya ukimwi kama wembe umetumiwa kwa wengine. Shangazi akisisitiza, aambiwe kwa heshima kwamba tutamuuliza daktari kwanza.

Nyumbani mgonjwa alale kichwa kikiwa juu, kwa mito miwili au mitatu. Anywe maji kidogo kidogo mchana kutwa, na uji uliopoa. Viazi vitamu vyetu vikipondwa laini ni chakula kizuri sana. Nyoyo na omena kavu zingoje. Asukutue koo kwa maji ya vuguvugu yenye nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi moja, kisha ateme. Akae mbali na jiko la kuni, maana moshi unakausha na kukwaruza. Asipenge kamasi mpaka daktari aruhusu, na chafya ikija afungue mdomo. Kwa maumivu, parasetamo kama alivyoandikiwa. Aspirini ya dukani hapana, kwa kuwa inazuia damu kuganda.

Lakini si kila koo la kuvumilia. Mgonjwa akimeza-meza kila mara hata usingizini, huenda ni damu inateremka. Mwangalieni kooni kwa tochi. Akitapika damu, akipata homa kali, akishindwa kumeza hata maji, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Gozi iliyowekwa puani ikiteleza ikaning'inia kooni, msiivute wala kuikata: akae wima, ainame mbele kidogo, na safari ianze, hata kama ni saa nane usiku. Akipata shida ya kupumua ni vivyo hivyo. Hospitali ya karibu ndiyo ya kwanza, siyo lazima ile iliyompasua. Karatasi aliyopewa alipotoka ibebwe, ili daktari ajue kilichofanywa na kama kuna gozi iliyobaki ndani.

Kwa hiyo kabla mgonjwa hajarudi, watu wa boma wakae wazungumze: nani ana pikipiki au gari karibu, nani atashika nauli, na nani atalala chumba kimoja na mgonjwa usiku ule wa kwanza?