Programu Ianze Bila Kukungoja: Vidokezo kwa Mwenye Windows

Umeme ulikatika usiku, ukarudi alfajiri, kompyuta ya dukani ikawaka. Programu ya kunakili data, hata hivyo, bado imelala mpaka mtu afike, aweke nywila na kuibofya. Hapo ndipo watu huanza kuuliza habari za kuigeuza huduma, yaani ianze pamoja na Windows, awepo mtu asiwepo. Inawezekana, ila si kila programu inakubali.

1. Anza na njia nyepesi. Kama kuna mtu anayefungua kompyuta hiyo kila asubuhi, huhitaji huduma. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika shell:startup, kisha weka njia mkato ya programu kwenye folda itakayofunguka. Basi.

2. Jaribu Task Scheduler. Chombo hiki kimo ndani ya Windows na kinatosha kwa wengi. Tengeneza kazi, iagize ianze kompyuta inapowaka, hata kama hakuna aliyeingia. Kisha kagua tiki ambazo umewekewa bila kuulizwa: moja huzuia kazi kuanza kompyuta mpakato inapotumia betri, nyingine huikata ikishafikisha siku 3. Ziondoe zote mbili, la sivyo programu iliyoanza vizuri Jumatatu itatoweka Alhamisi nawe usijue kwa nini.

3. Ukitaka huduma kamili, tumia NSSM. Wengi hukimbilia amri ya sc create, wakaambulia kosa namba 1053. Sababu ni kwamba Windows huitaka kila huduma itoe taarifa kwamba imeanza, na programu ya kawaida haikuandikwa kufanya hivyo; kwa kawaida zikipita sekunde 30 kimya, inahesabiwa imeshindwa. NSSM ni programu ya bure unayoipakua, na hutoa taarifa hiyo kwa niaba ya programu yako. Fungua Command Prompt kama msimamizi, andika nssm install, na ujaze dirisha litakalotokea. Programu ikianguka, NSSM huiinua tena.

4. Dirisha lisahau. Hapa ndipo wengi hukwama. Tangu Windows Vista, huduma zote hukaa kwenye kikao namba 0, na wewe unayeingia kwa nywila unapewa kikao kingine. Programu inafanya kazi, lakini huioni, na hali ni hiyo hiyo kwa kazi ya kidokezo cha 2. Sasa fikiria inatoa kisanduku cha kuuliza kama unataka toleo jipya. Nani abofye? Itasubiri hadi kiama, na kwenye orodha ya huduma (services.msc) itaonekana mzima wa afya. Kwa hiyo ifungue kwanza kwa kawaida, kubali leseni, zima matangazo na maswali yote. Ile isiyosogea hatua bila kubofywa usiilazimishe. Irudishe kwenye kidokezo cha kwanza.

5. Chagua akaunti kwa makini. LocalSystem, akaunti ambayo huduma hupewa usipochagua nyingine, ina madaraka mengi mno kwa kazi ya kunakili mafaili, tena haiioni diski Z: uliyoiunganisha ukiwa kwenye akaunti yako. Fungua akaunti ya pekee, na badala ya Z: andika anwani kamili, kwa mfano \\seva\nakala. Nywila ya akaunti hiyo ikibadilishwa, ibadilishe na kwenye huduma.

6. Zima usingizi wa kompyuta. Ikilala, na huduma zimelala. Kwenye BIOS ya kompyuta nyingi za mezani kuna pia mahali pa kuiagiza ijiwashe umeme ukirudi.

7. Jaribu bila kuingia. Iwashe upya kompyuta, usiguse nywila. Nenda kwenye mashine nyingine, fungua folda ya nakala, utazame tarehe na saa ya faili la mwisho. Usitosheke na neno Running kwenye services.msc, maana hata programu iliyoganda huandikiwa hivyo.