SOMO LA 14: KUPELEKA BARUA SERIKALINI KWA NUKUSHI

Nukushi ni nakala ya barua inayosafiri kwa njia ya simu. Unatia karatasi katika mashine hapa. Mashine ya huko inatoa karatasi yenye maneno yale yale na sahihi yako. Siku hizi barua pepe imechukua nafasi kubwa, lakini hatua za kuhakikisha barua imefika ni zile zile.

Tuseme wewe ni mkazi wa Mbagala, Temeke. Umepewa siku saba za kupinga mipaka mipya ya kiwanja chako. Barua ikipotea, siku zitapita na haki yako itapita nazo. Basi fanya hivi:

1. Jua ofisi inayohusika. Hadi mwaka 2015 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na wilaya tatu: Ilala, Kinondoni na Temeke. Baadaye Ubungo ilitoka Kinondoni, na Kigamboni ikatoka Temeke. Usipeleke Temeke jambo la Kigamboni.

2. Hakikisha namba. Simu za mezani za Dar es Salaam huanza na 022, za Dodoma 026. Tangu mwaka 2016 wizara nyingi zimehamia Dodoma. Namba iliyo kwenye barua ya zamani huenda ikalia katika chumba kitupu. Piga simu kwanza, uliza kama mashine ingali inafanya kazi.

3. Andika kwa wino mweusi. Penseli haisomeki vizuri.

4. Andika jina, mtaa, kata, simu yako, na Kumb. Na. ya barua unayoijibu. Kila karatasi itie namba: "Ukurasa 1 kati ya 3".

5. Mashine ikitoa karatasi ndogo ya tarehe, saa na idadi ya kurasa, itunze.

6. Siku hiyo hiyo piga simu masjala, mahali barua zinapoandikwa daftarini na kutiwa katika jalada. Sema: "Habari za kazi, ndugu. Nimetuma kurasa tatu. Zimefika zote? Zinasomeka?" Andika jina la aliyekujibu.

Ofisi ikitaka barua yenyewe, ipeleke kwa mkono. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Kumbuka: kutuma si kufika.

MASWALI
1. Masjala hufanya kazi gani?
2. Kwa nini tunahesabu kurasa?
3. Kijiji chako kiko chini ya halmashauri gani?