Kumhasi Mtoto wa Mbwa: Je, Ni Lazima, na Lini?

Kaya ya Ikuti, wilayani Rungwe, ipatapo mtoto wa mbwa dume wa kulinda nyumba na migomba, swali la kumhasi hutanguliwa na jingine: je, amechanjwa? Kuhasi hakuzuii kichaa cha mbwa. Dume aliyehasiwa bila kuchanjwa bado aweza kumwambukiza mtoto achezaye naye, na dalili zikishaanza ugonjwa huo huua karibu kila mara. Basi achanjwe afikishapo miezi 3.

Kuhasi kwaweza kungoja. Mbwa wetu wa kienyeji, wa umbo la wastani, huhasiwa kuanzia miezi 6 hivi. Wale wa mbegu kubwa za kigeni ni heri wapite mwaka mmoja, kwa kuwa homoni za korodani husaidia mifupa kukomaa, na kuziondoa mapema huongeza maradhi ya viungo. Faida iliyo wazi ni kwamba dume hupunguza kuzurura akifuata majike, na huko ndiko akutanako na mbwa wagonjwa. Ukali utokanao na woga, hata hivyo, hauponi kwa kisu. Kazi yenyewe ni ya daktari wa mifugo, naye hutumia dawa ya usingizi. Wembe wa jirani ni ukatili, na kidonda chake hutunga usaha.