Jino Likitoka, Mfupa Nao Huondoka: Elimu ya Upandikizaji wa Mfupa wa Taya

Katika vituo vya kutolea huduma vya Karagwe na Kyerwa, mwananchi anayefika akiwa ameshika shavu kwa maumivu ya jino mara nyingi huwa amekwisha kuamua: ling'olewe, arudi shambani. Uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa maumivu ya jino hayana subira. Jambo lisilofahamika kwa wengi ni kwamba baada ya jino kutoka, taya huanza kupoteza mfupa uliolishikilia, na kwamba kuurudisha mfupa huo ni kazi ya upasuaji, ya miezi mingi na ya gharama kubwa.

Mfupa unaozunguka mizizi ya meno upo kwa ajili ya meno. Mtu anapotafuna, nguvu hupita katika jino na kuufikia mfupa, nao huendelea kujijenga kwa kupokea mzigo huo. Jino likiondoka, mwili huuona mfupa ule kuwa hauna kazi tena, ukaanza kuunyonya. Tafiti zilizopima mapengo zimeonyesha kuwa upana wa ukingo wa taya hupungua kwa takriban nusu ndani ya miezi 12, na kiasi cha theluthi mbili ya upungufu huo hutokea katika miezi 3 ya mwanzo. Ndiyo sababu mzee aliyepoteza meno yote zamani huonekana kana kwamba kidevu kimeisogelea pua, na meno yake ya bandia hulegea ingawa yalimkaa vyema yalipotengenezwa.

Kipandikizi cha jino ni kijiti cha titani, mfano wa skurubu, kinachofungwa ndani ya mfupa ili kishike jino la bandia. Mtafiti wa Uswidi, Per-Ingvar Brånemark, aligundua katika miaka ya 1950 kwamba mfupa hushikamana na titani kiasi cha kutotenganika. Mwaka 1965 alimwekea vipandikizi mgonjwa wake wa kwanza, Gösta Larsson, aliyeishi navyo hadi alipofariki mwaka 2006. Hata hivyo, kila mkulima aliyewahi kusimika nguzo ya uzio anajua kuwa nguzo haisimami penye udongo uliochukuliwa na mvua. Kipandikizi nacho hakisimami penye mfupa mwembamba. Hapo ndipo daktari hulazimika kuanza na mfupa.

Mfupa unaopendelewa na madaktari wengi ni wa mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa una seli hai. Kipande huchukuliwa kwenye kidevu, nyuma ya magego ya taya la chini, au kwenye nyonga ikiwa unahitajika mwingi. Kasoro yake ni kidonda cha pili. Kwa sababu hiyo hutumika pia mfupa uliotolewa na watu wengine na kusafishwa kitaalamu, madini yanayotengenezwa viwandani, na mfupa wa ng'ombe. Huu wa mwisho usidhaniwe kuwa ni wa buchani. Husafishwa kiwandani hadi ubaki madini matupu, katika chembechembe ndogo mfano wa mchanga. Chembechembe hizo hazigeuki kuwa mfupa wa mgonjwa siku ile zinapowekwa. Kazi yake ni kuwa kiunzi, na mishipa ya damu na seli za mgonjwa hupanda juu yake na kujenga mfupa mpya polepole.

Neno polepole lina uzito wake. Ufizi hukua haraka kuliko mfupa, na ukiachwa huru huingia na kulijaza pengo kabla mfupa haujafika. Daktari huweka utando mwembamba kati ya viwili hivyo, kama mtu azibaye njia ya kuku wasifikie mbegu. Tando nyingi hutengenezwa kwa kolajeni ya ng'ombe au ya nguruwe, nazo huyeyuka zenyewe mwilini. Mgonjwa ambaye imani yake inamkataza anayo haki ya kuuliza asili yake kabla ya upasuaji. Katika taya la juu, penye magego, tatizo huwa ni uwazi wa hewa ulio juu ya mizizi, ambao hushuka meno yakiondoka. Daktari huinua ngozi laini ya uwazi huo na kujaza mfupa chini yake. Kwa kawaida husubiriwa miezi 4 hadi 9 mfupa ukomae, kisha miezi mingine kadhaa kipandikizi kishikamane. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa huweza kuiharibu kazi yote hiyo.

Matibabu haya si ya zahanati wala kituo cha afya. Huhitaji daktari mwenye mafunzo maalumu, na mkazi wa Kayanga au Nkwenda atayafuata mbali, kwa njia ya rufaa inayopitia Bukoba na kuendelea hadi Bugando, Mwanza, au Muhimbili, Dar es Salaam. Kwa wengi nauli na malazi pekee ni mzigo. Swali lenye manufaa zaidi, basi, ni lile la kumuuliza tabibu wa meno kabla koleo halijaingia kinywani: je, jino hili linaweza kuzibwa, au kutibiwa mzizi? Jino lililookolewa huutunza mfupa wake bila kudai upasuaji.

Jino likilazimika kutoka, donge la damu linalobaki shimoni ndilo mwanzo wa mfupa mpya, nalo lilindwe. Mgonjwa aume pamba kama alivyoelekezwa, asisukutue kwa nguvu kwa saa 24, asivute sigara, wala asinywe kitu kwa mrija, hata kama ni rubisi ya sherehe, kwa kuwa mvuto huo huweza kuling'oa donge. Baada ya saa 24 asukutue taratibu kwa maji vuguvugu yenye chumvi. Maumivu yakizidi siku ya 3 badala ya kupungua, arudi kituoni.

Wapo pia wanaohitaji mfupa si kwa ajili ya jino moja, bali kwa taya zima: waliovunjika vibaya katika ajali za bodaboda, na wenye uvimbe unaokua ndani ya taya. Uvimbe wa aina hiyo mara nyingi hauumi, huwapata hata vijana, na hukaa miaka ukidhaniwa kuwa ni jino bovu. Ukikua sana, madaktari hulazimika kukata sehemu ya taya na kuijenga upya kwa mfupa wa nyonga au wa mguu. Yeyote anayeona shavu au taya limevimba upande mmoja bila maumivu, au meno yaliyokuwa imara yakianza kuachana, afike kituo cha karibu na aombe kuonwa na tabibu wa meno. Akipewa rufaa, asafiri na picha zake zote za eksirei, zikiwemo za zamani, kwani ndizo zinazomwonyesha daktari kasi ya uvimbe.